Albamu ya kwanza ya Pink Floyd (1967): nyimbo fupi na upigaji mrefu vimekutanaje katika santuri moja?

Mpigakanuni (Vuga, Unguja)

Assalaam alaykum ndugu zangu wapenzi wa muziki.

Nina suala kuhusu albamu ya kwanza ya bendi ya Pink Floyd ya Uingereza, iitwayo The Piper at the Gates of Dawn, iliyotoka mwezi wa Agosti 1967. Mimi ni mwanafunzi wa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, na masikio yangu yamelelewa na taarab. Muziki wa roki nimeuingia ukubwani, tena kupitia zile kazi za Pink Floyd za miaka ya 1970 ambazo hata asiyejua jina la bendi huenda amewahi kuzisikia. Nilipoigeukia albamu hii ya mwanzo nilitaraji kuona chanzo cha zile za baadaye, lakini nimekuta kitu nisichojua nikiweke fungu gani.

Wimbo wa kwanza, Astronomy Domine, unafunguliwa na sauti ya mtu anayesoma majina ya nyota na sayari kupitia bomba la kupazia sauti, kisha gitaa linaingia kwa kishindo na msikilizaji anajitayarisha kupelekwa mbinguni. Badala yake anakabidhiwa paka wa Siam katika Lucifer Sam, halafu mama anayemsomea mtoto hadithi katika Matilda Mother, na huko mbele kibwengo wa hadithi za watoto, sanamu ya kutishia ndege iliyosimamishwa shambani, na mwisho kabisa kijana anayemringia msichana kwa baiskeli. Nyimbo hizi aghlabu ni za dakika mbili au tatu. Lakini upande wa pili wa santuri unaanza na Interstellar Overdrive, upigaji wa ala tupu unaokaribia dakika kumi usio na neno hata moja, na ukishakwisha tu anaingia yule kibwengo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ninachouliza ni hiki: je, hii ni albamu moja au ni mbili zilizobandikwa pamoja? Mpangilio huu ulikusudiwa, au ni matokeo ya jinsi mambo yalivyokuwa yakiendeshwa wakati ule? Nauliza pia kwa sababu ami yangu anayo nakala ya zamani aliyoletewa kutoka Marekani, nayo inaanza na wimbo uitwao See Emily Play ambao kwenye nakala yangu haumo kabisa. Wenzangu wa barazani wao wamekwishatoa hukumu kwamba huu ni muziki wa walevi na hauhitaji maelezo zaidi, hukumu ambayo naiona nyepesi mno.

Santuri za Kale (Malindi, Unguja)

Waalaykum salaam, kijana wangu. Suala lako ni zuri, na jawabu lake linahitaji kwanza tuwajue wahusika na tujue walikuwa wakipiga wapi kabla ya kuingia studio.

Bendi ilikuwa na watu wanne. Roger Waters wa besi, Nick Mason wa ngoma na Richard Wright wa kinanda walikutana London katika chuo cha Regent Street Polytechnic, walikokwenda kusomea usanifu wa majengo, ingawa Wright hakukaa sana katika fani hiyo. Wa nne alikuwa Syd Barrett, mzaliwa wa Cambridge wa mwaka 1946, aliyekuja London kusomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Camberwell. Ni Barrett aliyeipa bendi jina kwa kuunganisha majina ya wapigaji wawili wa bluzi wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Katika nyimbo 11 za albamu unayoiulizia, nane ni utunzi wake peke yake, mmoja ni wa Waters, na mbili, yaani Pow R. Toc H. na Interstellar Overdrive, zimeandikwa kwa jina la bendi nzima. Kwa hivyo hesabu yenyewe inaanza kukujibu: zile hadithi za watoto ni za mtu mmoja, na ule upigaji mrefu ni wa watu wanne.

Sasa twende walikokuwa wakipiga. Mwishoni mwa 1966 London ilikuwa na mkusanyiko mdogo wa vijana, wasanii na waandishi wa magazeti yasiyo rasmi, waliokuwa wakitafuta burudani isiyofanana na dansa la kawaida. Mwezi wa Disemba mwaka huo Joe Boyd na John Hopkins walifungua klabu ya usiku iliyoitwa UFO, ndani ya ukumbi wa dansa wa Kiairishi uliokuwa chini ya ardhi katika barabara ya Tottenham Court. Pink Floyd ndiyo bendi iliyojulikana zaidi pale. Wapigaji walisimama ndani ya mwanga wa rangi uliotoka kwenye mashine za kuonyeshea picha, na kati ya vioo vya mashine hizo vilitiwa mafuta na rangi za maji ambazo zilichemka na kutambaa kwa joto la taa, hata sura za wapigaji zikawa hazionekani vyema. Katika hali hiyo wimbo mmoja uliweza kuchukua dakika 15 au zaidi. Hakuna aliyekuwa na haraka, na wala hakuna aliyekuja kusikia nyimbo za redioni.

Mwezi wa Februari 1967 wakatia saini mkataba na kampuni ya EMI na kuingia katika studio zake za Abbey Road. Mtayarishaji waliyepewa alikuwa Norman Smith, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa kurekodi wa Beatles tangu walipoanza na EMI mpaka albamu yao ya Rubber Soul ya mwaka 1965. Smith alikuwa mtu mzima kuliko wao, aliyelelewa na jazi, na kazi yake aliijua barabara: wimbo una mwanzo, una kiitikio, una mwisho, na unatosha kwenye santuri. Alimtaka Barrett ampe nyimbo, naye Barrett alikuwa nazo. Kurekodi kulianza na Matilda Mother, nao si upigaji wa UFO hata kidogo. Ule upigaji wa jukwaani waliachiwa nafasi moja ya kuuonyesha kwa ukamilifu wake, nayo ndiyo Interstellar Overdrive.

Mimi nasema ni albamu moja iliyozaliwa katika mvutano, na utamu wake umo humo. Lau Smith angewaachia wapige walivyozoea, tungepata kumbukumbu ya usiku wa UFO ambayo leo ingesikilizwa na watafiti peke yao. Na lau angewabana mpaka mwisho, tungepata mkusanyiko wa nyimbo za kupendeza na tusingejua kwa nini watu walikuwa wakipanga foleni usiku wa manane.

Kuhusu nakala ya ami yako, hiyo ni ya kweli na si bandia. Toleo la Marekani lilitolewa na kampuni ya Tower mwezi wa Oktoba 1967 likiwa na jina la bendi tu, na nyimbo zilipanguliwa. Astronomy Domine, Flaming na Bike ziliondolewa, See Emily Play ikawekwa mwanzo, na Interstellar Overdrive ikapelekwa mwisho kabisa. See Emily Play ilikuwa santuri ndogo ya mwezi wa Juni, iliyofika nafasi ya 6 katika orodha ya Uingereza, na desturi ya Uingereza wakati ule ilikuwa ni kutoirudia katika albamu nyimbo iliyokwishauzwa peke yake. Wamarekani hawakuijali desturi hiyo. Athari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani msikilizaji wa Marekani hakufunguliwa mlango na sayari, wala hakuagwa na baiskeli.

Mkaazi wa Wete (Pemba)

Namshukuru Sheikh wa Malindi kwa maelezo yake, lakini naomba niweke pingamizi mbili, kwani naona tunakoelekea ni kuipamba santuri hii zaidi ya inavyostahiki.

Pingamizi ya kwanza ni kuhusu zama. Tukizungumza juu ya roki ya saikedelia, yaani roki inayoiga njozi, kana kwamba ilianzia chini ya ule ukumbi wa Tottenham Court, tunawadhulumu wengine. Bendi ya 13th Floor Elevators ya Texas ilikwishatoa albamu yake ya kwanza mwaka 1966 na neno lenyewe la saikedelia likiwa katika jina la santuri. Mwaka 1967 ulipoingia, The Doors walitoa yao mwezi wa Januari, Jefferson Airplane wa San Francisco wakafuata na Surrealistic Pillow mwezi wa Februari, na mpiga gitaa Jimi Hendrix akatoa Are You Experienced mwezi wa Mei, hapo hapo London. Beatles wakatoa Sgt. Pepper mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni. Hii ya Pink Floyd ilipofika madukani mwezi wa Agosti, karamu ilikuwa imekwishaliwa nusu. Ukimsikiliza Hendrix, unasikia mtu aliyeiweza ala yake kikamilifu. Ukimsikiliza Barrett, unasikia mtu mwenye mawazo mengi na vidole vya wastani.

Pingamizi ya pili ni kuhusu hiyo hukumu ya barazani, ambayo kijana anaiona nyepesi. Mimi nasema ina uzito wake. LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone njozi, ilipigwa marufuku Uingereza mwezi wa Septemba 1966, na haikuacha kutumiwa na watu wale wale waliojaa klabuni. Barrett mwenyewe aliitumia sana. Kufikia mwisho wa 1967 alikuwa akisimama jukwaani bila ya kupiga, au akishikilia noti moja hiyo hiyo wimbo mzima. Ziara yao ya Marekani ya mwezi wa Novemba ilikatizwa. David Gilmour aliletwa kuziba pengo, na mwezi wa Aprili 1968 ikatangazwa kwamba Barrett si mmoja wao tena. Alikuwa na umri wa miaka 22. Alitoa albamu mbili peke yake mwaka 1970, kisha akarudi Cambridge na kuishi mbali na watu mpaka alipofariki mwaka 2006. Sitaki tuzungumze juu ya rangi na taa tu na kumwacha nyuma huyo kijana.

Fidla Tatu (Kikwajuni, Unguja)

Nimewasoma nyote, na naomba niingie kwa upande wa muziki wenyewe, kwa sababu mpaka hapa tumezungumza zaidi juu ya watu kuliko sauti.

Kaka wa Wete, kuhusu vidole tunakubaliana. Barrett hakuwa Hendrix na sidhani kama alitaka kuwa yeye. Sikiliza Astronomy Domine tena, uache kumfuata mwimbaji, ulifuate gitaa peke yake. Alikuwa akilipitisha katika mashine ya mwangwi ya Kiitaliano iitwayo Binson Echorec, ambayo haitumii utepe bali gurudumu la sumaku linalozunguka, na akitelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Sauti inayotoka haina mipaka ya noti iliyo wazi. Inapanda na kushuka, na mwangwi wake unairudia kabla ya yeye mwenyewe kufika anakokwenda. Wright naye anaziba mapengo kwa kinanda chake cha Farfisa kwa noti ndefu zisizoamua ni za furaha au za huzuni. Ustadi hapo upo katika kuchagua sauti, si katika kasi, na mpigaji wa udi anayajua hayo.

Kwa mwanafunzi wetu wa kanuni, Interstellar Overdrive isikilize kama unavyosikiliza muziki wa ala, si kama wimbo uliokosa maneno. Inaanza na mstari mmoja wa gitaa unaoshuka ngazi kwa ngazi, wote wanaupiga pamoja kwa nguvu, kisha unaachwa. Kuanzia hapo hakuna mdundo ulioahidiwa. Ngoma zinasimama na kurudi, kinanda kinauliza kitu na gitaa halijibu, kuna mahali ambapo wote wanakaribia kunyamaza. Ni baada ya dakika nyingi ndipo ngoma zinapojikusanya na ule mstari wa mwanzo unarudi. Kwetu, bashraf inafungua usiku wa taarab kwa mpango unaojulikana, kila sehemu na marudio yake, na taksim ndiyo inayompa mpigaji mmoja uhuru wa kutembea nje ya mdundo. Lakini taksim ina maqam, yaani ngazi maalumu ya sauti kama Bayati, inayomlinda: ajuapo ametoka Bayati, anajua atakavyorudi Bayati. Pink Floyd waliondoka bila ya ulinzi huo, wote wanne kwa pamoja. Ndiyo maana baadhi ya dakika zile ni za ajabu na baadhi yake, tuseme kweli, ni za kusubiri tu.

Kuna jambo jengine ambalo Sheikh wa Malindi amelitaja kwa mbali nami naliona ndilo kiini. Santuri yenyewe ina amri zake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza, upande mmoja wa sahani ulibeba dakika tatu na ushei. Nyimbo ambazo katika hafla ziliweza kuendelea kwa muda mrefu, kwa vitushi vya wasikilizaji na marudio ya beti, zilikatwa zikae humo, na tunayoijua leo kama sauti ya Siti ni ile iliyokubali kukatwa. Mwaka 1931 kampuni hiyo iliungana na Columbia ikazaliwa EMI, na Pink Floyd walitoa albamu yao chini ya jina la Columbia la EMI hiyo hiyo. Kufikia 1967 upande wa santuri ndefu ulikuwa na dakika 20 hivi, kwa hivyo kizuizi kilikuwa kimelegezwa, hakikuondoka. Smith hakuwa adui wa bendi. Alikuwa akiwakumbusha ukubwa wa chombo watakachomimina ndani yake.

Juu ya hukumu ya barazani nitasema moja tu. Ulevi haumfundishi mtu kuandika Matilda Mother. Barrett alikusudia kwanza kutumia humo beti za Hilaire Belloc, mshairi aliyewaandikia watoto visa vya kuonya, akanyimwa ruhusa na warithi wa mshairi, akakaa na kuandika maneno yake mwenyewe juu ya muziki ule ule. Jina la albamu nalo amelichukua kutoka sura ya saba ya The Wind in the Willows ya Kenneth Grahame, kitabu cha watoto cha mwaka 1908, na maneno ya Chapter 24 yametoka katika kitabu cha kale cha Wachina, I Ching. Huyu ni msomaji. Kilichomkuta baadaye ni msiba, na watu waliomjua hawakubaliani kiasi gani kilisababishwa na dawa na kiasi gani kilikuwemo ndani yake tangu hapo.

Mkaazi wa Wete (Pemba)

Hoja ya Siti binti Saad nimeikubali, na naungama kwamba sikuwahi kuuona uhusiano huo wa kampuni. Hata hivyo, msimamo wangu kuhusu zama sijauacha, bali nauongezea jambo ambalo litawafurahisha wa Mji Mkongwe.

Tujiulize kwa nini muziki huu ulitoka kwa watu wa aina hii. Barrett ni wa chuo cha sanaa, na wenzake watatu walianzia usanifu wa majengo. Mwaka huo huo wa 1967, Farrokh Bulsara, mzaliwa wa hapo Unguja mwaka 1946, ambaye familia yake iliondoka kufuatia Mapinduzi ya 1964, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Ealing, magharibi ya London, na mpenzi mkubwa wa Hendrix. Dunia ikaja kumjua kama Freddie Mercury. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Queen, ilitoka mwaka 1973, miaka sita baada ya hii tunayoizungumza. Wageni wanaopiga picha mbele ya nyumba ile ya Shangani huulizia zaidi alipozaliwa, na mimi naona skuli alizosoma Uingereza zina la kueleza zaidi juu ya muziki wake. Vyuo vya sanaa viliwapa vijana wa kawaida miaka kadhaa ya kufikiri juu ya rangi, nguo, jukwaa na sauti bila ya kuulizwa mara moja watafanya kazi gani. Pink Floyd wa 1967, kwa taa zao na mashine zao, ni tunda la vyuo hivyo zaidi ya kuwa tunda la dawa, na hapo namwachia ndugu yangu wa Kikwajuni ushindi wa nusu.

Mpigakanuni (Vuga, Unguja)

Nawashukuru nyote. Nimesikiliza tena Interstellar Overdrive kwa njia niliyoelekezwa, na sasa nimebaki na jambo moja linalonisumbua. Kwenye nakala yangu, mwishoni mwa wimbo huo, sauti yote inaanza kuyumba kutoka sikio la kushoto hadi la kulia, kwa kasi inayokaribia kunitia kizunguzungu. Rafiki yangu anayo nakala ambayo haifanyi hivyo. Ipi ni sahihi? Na je, wale Beatles waliokuwa studio hiyo hiyo waliwaathiri hawa kwa namna yoyote, au ni hadithi za watu?

Santuri za Kale (Malindi, Unguja)

Nakala zote mbili ni za studio, ila yako ni ya sterio, yenye sauti tofauti kushoto na kulia, na ya rafiki yako ni ya mono, yenye sauti moja tu. Wakati ule Uingereza wasikilizaji wengi walikuwa na vinanda vya santuri vya spika moja, na redio zilirusha kwa mono, kwa hivyo mono ndiyo iliyofanyiwa kazi kwa makini huku bendi ikishiriki. Ya sterio ilichanganywa kwa haraka zaidi, na huko kuyumba kwa mwishoni ni mchezo wa fundi aliyekuwa na vitufe viwili na sababu ya kuvichezea. Ukitaka kusikia waliyoyakusudia, tafuta mono. Toleo la miaka 40, lililotoka mwaka 2007, lina michanganyo yote miwili, nalo ndilo ninalowashauri watu wanunue. Uzito wa ngoma katika mono ya Lucifer Sam unatosha kukushawishi. Jengine la kutega sikio: Interstellar Overdrive imerekodiwa mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza, ndiyo maana pana mahali unasikia magitaa yanapishana kana kwamba kuna bendi mbili chumbani.

Kuhusu Beatles, kukutana kulikuwapo, ila kusizidishwe. Jioni ya tarehe 21 Machi 1967 Pink Floyd walipelekwa chumba cha pili kuwaona Beatles wakiifanyia kazi Lovely Rita, wakakaa nyuma kwa adabu, wakarudi kwao. Walichoshirikiana hasa ni jengo, mafundi na mashine: utepe wa njia nne, na ule mtambo wa kuiongeza sauti ya mwimbaji mara mbili uliobuniwa na mafundi wa Abbey Road mwaka 1966. Sikiliza mwisho wa Bike. Baada ya wimbo kwisha, unafunguka mlango wa saa, kengele na mashine zinazogonga kila moja kwa wakati wake, na ya mwisho ni kipande cha utepe kinachozunguka bila ya kukoma, sauti kama bata wanaocheka. Hayo yasingewezekana katika studio ndogo ya mtaani. Hata picha ya jalada, ambapo sura zao zimegawika na kujirudia, ilipigwa na Vic Singh kwa lenzi ya mche aliyopewa na George Harrison.

Na la zama, ambalo kaka wa Wete analipigania kwa haki: albamu ilitoka mwanzoni mwa Agosti, na katikati ya mwezi huo huo sheria mpya ya Uingereza ikazifunga redio zilizokuwa zikirusha matangazo kutoka melini, nje ya pwani. Radio London ilizimwa tarehe 14 Agosti. Redio hizo ndizo zilizokuwa zikiwapa nafasi vijana, ingawa hiyo hiyo Radio London iliwahi kuikataa Arnold Layne, santuri yao ndogo ya kwanza, kwa kuwa ilimhusu mtu anayeiba nguo za wanawake kwenye kamba za kuanikia. BBC ilianzisha Radio 1 mwishoni mwa Septemba. UFO nayo haikuumaliza mwaka. Kwa hivyo santuri hii iliingia sokoni wakati mahali ilipozaliwa panafungwa, na bendi ikajikuta ikizunguka kumbi za dansa za mikoani, ambako watu walilipa kiingilio wasikie See Emily Play na kuambulia dakika 20 za mwangwi.

Fidla Tatu (Kikwajuni, Unguja)

Kwa kuongezea tu, kabla mwanafunzi wetu hajatoka katika mada: usiishie kwenye albamu. Mwezi wa Januari 1967, kabla ya mkataba wa EMI, walirekodi Interstellar Overdrive katika studio ya Sound Techniques, Chelsea, kwa ajili ya filamu ya Peter Whitehead kuhusu London ya wakati ule. Hiyo inakaribia dakika 17, na hakuna mtu aliyewashikia saa. Kisha tafuta Astronomy Domine iliyo katika Ummagumma ya mwaka 1969, iliyorekodiwa jukwaani na Gilmour akiwa mahali pa Barrett. Wimbo uliochukua dakika nne na kidogo katika albamu ya kwanza unapita dakika nane pale.

Na kwa kaka wa Wete, mwenye kiu ya haki ya zama: muziki huu ulifika pia upande wetu, ukiwa umechelewa na umebadilika. Sunburst ya Dar es Salaam, ya miaka ya 1970, ilichanganya gitaa la namna hii na Kiswahili na midundo ya nyumbani, na albamu yake, Ave Africa, ikarekodiwa Zambia mwaka 1976, ambako bendi kama WITCH na Amanaz zilikuwa zimekwishajenga roki yao wenyewe. Tukifungua mada ya Sunburst, mimi nitaleta ninayoyajua juu ya magitaa, na Sheikh wa Malindi atuambie kama anayo santuri.

Santuri za Kale (Malindi, Unguja)

Ninalo toleo lililorudiwa mwaka 2016 tu. Fungueni mada.